Fidia ya Moshi: Mti Ulithaminiwa Kuliko Pumzi

Mnyonge hana haki, husema wahenga. Historia ya moshi wa viwanda nchini Uingereza katika karne ya 19 yaonyesha jinsi kauli hiyo ilivyokaribia kuwa sheria.

William Tipping hakuwa mnyonge. Mnamo 1860 alinunua shamba la Bold Hall, lenye zaidi ya ekari 1,000, karibu na mji wa St Helens, Lancashire. Umbali wa maili moja na nusu hivi palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba. Mvuke wake ulinyausha miti na vichaka vya shamba hilo, naye Tipping akashtaki.

Kampuni ilijitetea kwamba eneo hilo lilikuwa limejaa viwanda, na kwamba mlalamishi alikuja mwenyewe penye moshi. Utetezi huo haukufua dafu. Jopo la raia lililosikiza kesi lilimpa Tipping fidia ya pauni 361 na ushei, na mwaka 1865 Baraza la Malodi likauidhinisha uamuzi huo.

Lakini tuyatazame maneno ya hukumu. Lord Westbury alitenga mambo mawili. Mtu ambaye mali yake imeharibiwa kwa namna inayoonekana alistahili kulipwa, kiwanda kiwe mahali popote. Mtu aliyepoteza starehe na utulivu tu, ilibidi kwanza atazame anakoishi, kwani mkazi wa mji wa viwanda hana budi kuvumilia yale yatokanayo na biashara ya mji huo.

Maana yake ni nini? Mti ulionyauka ulikuwa ushahidi kamili. Koo lililowasha usiku kucha katika nyumba ya kupanga lilikuwa adha ya mjini. Fauka ya hayo, palipokuwa na dohani nyingi, mlalamishi alitakiwa athibitishe ni ipi iliyomdhuru, tena kwa gharama yake. Ni maskini gani angethubutu?

Bunge nalo lilikuwa limepitisha sheria ya viwanda vya magadi mwaka 1863, iliyovitaka vinase angalau asilimia 95 ya gesi ya asidi ya haidrokloriki kabla haijatoka nje. Mwanakemia Robert Angus Smith akawa mkaguzi wa kwanza. Ndiye aliyeandika kuhusu "mvua ya asidi" katika kitabu chake cha 1872. Hata hivyo, sheria hiyo haikugusa moshi wa shaba.

Mambo haya yanatuhusu, maadamu sheria ya Kenya ilirithi misingi mingi ya Kiingereza. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, imekwenda mbali zaidi: inampa kila mtu haki ya mazingira safi, awe na shamba au asiwe nalo. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, walitunukiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa iliitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikawapa ushindi Desemba 2024.

Huo ni ushindi wa pumzi juu ya hatimiliki. Lakini fidia haiiondoi sumu mwilini mwa mtoto. Walimu wanapofundisha mapinduzi ya viwanda, wasiishie kwenye mashine na reli. Wawaulize wanafunzi: moshi ule uliingia vifuani mwa nani, na nani alilipwa?