Fahamu: Kwa nini ping hukataa anwani ya wavuti

Nakili anwani kutoka kwenye kivinjari, ibandike baada ya ping, amri ya kupima kama kompyuta fulani inaitika, pamoja na https:// yake: utajibiwa kwamba jina hilo halijulikani. Programu hiyo, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, inataka jina la kompyuta tu, au namba yake ya IP. Haina habari na ukurasa wala poti. Ikikubali anwani nzima italazimika kutupa sehemu kubwa yake kimyakimya, nawe utadhani tovuti ni nzima kumbe ni mashine tu iliyoitika.

Kwa ssh, amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, hoja inageuka. Huko jina la mtumiaji, mashine na poti vyote vina kazi, na tangu toleo la 7.7 la mwaka 2018, programu ya OpenSSH hupokea ssh:// bila kinyongo. Tatizo ni viungo vyenye hila: mwaka 2017 Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo ambayo nayo hutumia ssh, ilibidi irekebishwe, kwa sababu anwani ya ssh:// ambayo jina la mashine lilianza na kistari iliweza kuendesha amri ya mshambuliaji kwenye kompyuta yako.

Kwa maoni yangu, ssh wamepatia. Ping nayo ingeweza angalau kusema wazi: ondoa https://.