Darubini ya Nahodha: Uhondo Uko Kwenye Kioo

Mtu akiishika darubini ya kale ya baharini, yenye bomba la mahogani na vipande vya shaba vinavyoingiana, husifu kwanza mng'ao wa shaba. Jambo hilo huniudhi. Ufundi wenyewe uko mbele, kwenye lenzi ya mwisho, ambayo kwa kweli ni lenzi mbili.

Lenzi moja hupinda mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, hivyo mlingoti wa mbali huonekana umezungukwa na ukingo wa rangi. Hata Isaac Newton aliamini kasoro hiyo haina dawa. Mnamo 1733 hivi, mwanasheria Mwingereza Chester Moor Hall aliipata: lenzi mbinuko ya kioo cha kawaida, nyuma yake lenzi mbonyeo ya kioo chenye risasi. Kioo cha risasi hutawanya rangi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo lenzi dhaifu ya kioo hicho yatosha kufuta rangi za mwenzake, huku uwezo wa kukusanya mwanga ukibaki.

Husimuliwa kwamba Hall, ili kuficha siri, aliagiza kila lenzi kwa fundi tofauti. Wote wawili wakaipeleka kazi kwa fundi mmoja, George Bass, naye akatambua mteja ni mmoja. Hata hivyo, fundi John Dollond wa London ndiye aliyepata hataza ya uvumbuzi huo, mwaka 1758. Mafundi wenzake walipoipinga, mahakama ikashikilia mwaka 1766 kwamba faida humstahili aliyeutoa uvumbuzi kwa watu, si aliyeufungia kabatini. Naiunga mkono hukumu hiyo: maarifa yaliyofichwa hayakumwokoa baharia hata mmoja.

Jina la Dollond lilivuma hadi waghushi wakachonga “Dolland” kwenye shaba. Leo nakala mpya, nyingi kutoka India, huzeeshwa kwa dawa na kuuzwa kama za kale.

Kazi za darubini hizo baharini zilikuwa nyingi: kusoma bendera za ishara, kutambua meli ya adui, kuhesabu mizinga, kutafuta mwamba na mlango wa bandari.

Aliyerithi darubini halisi asiisugue. Dawa ya kung'arisha hula vanishi ya zamani na maandishi ya fundi. Baya zaidi ni kufungua lenzi ili kuzisafisha, kisha kuzirudisha kinyume. Shaba iliyofifia haimzuii mtu kuona. Lenzi iliyogeuzwa humzuia.