Kuonja Maibock, laga ya Mei

Maibock hutoka mara moja kwa mwaka. Viwanda vidogo vya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, huifungulia mapipa majira ya kuchipua, Aprili inapoelekea Mei, na ikiisha, mnywaji husubiri mwaka mwingine. Ni laga ya rangi ya dhahabu, ya ukoo mmoja na Tusker au Kilimanjaro, ila ina nguvu zaidi: kilevi chake huzidi asilimia 6 na mara nyingi hufika 7. Nguvu hiyo inatoka kwenye kimea cha shayiri. Kwa kanuni za Ujerumani, bia haistahili jina la Bock mpaka maji ya kimea, kabla ya kutiwa hamira, yawe na walau asilimia 16 ya sukari na vitu vingine vilivyoyeyuka. Laga ya kawaida huwa na 11 au 12.

Msimu wake una historia. Mwaka 1553 watawala wa Bavaria waliagiza bia ipikwe kati ya Septemba 29 na Aprili 23 tu, kwa kuwa joto la kiangazi liliiharibu. Wapishi wakazoea hamira inayofanya kazi kwenye baridi, nyuzi 8 hadi 12 hivi za Selsiasi, kisha bia ikalazwa wiki nyingi katika mahandaki yenye barafu. Majokofu yalikuja karne ya 19, lakini kulaza kumebaki, na hapo ndipo ubora wa Maibock unapoamuliwa. Ikiwa bado tangini, hamira hufyonza tena diasetili, kemikali yenye harufu ya siagi ambayo huzaliwa bia inapochachuka. Harufu ya kiberiti nayo hupungua, na chembe zinazotia ukungu huzama.

Kwa kiwanda chenye matangi machache, huo ni mtihani wa fedha. Tangi lililoshikwa na Maibock miezi miwili lingeweza kutoa bia ya kawaida zaidi ya mara moja. Ndiyo maana ninapoionja hutafuta kwanza dalili za haraka. Siagi ikinijia puani, najua bia ilitolewa kabla ya wakati. Harufu ya mahindi ya kuchemsha huniambia kwamba mara nyingi kosa lilianzia jikoni, kwenye uchemshaji.

Glasi iwe safi kabisa. Mafuta kidogo tu yaliyobaki huua povu. Halafu kuna suala la joto. Katika baa zetu mhudumu huuliza, "Baridi au moto?", na anayejibu moto huchekwa. Kwa Maibock, nasema wazi, anayetaka iliyotoka kwenye barafu anajinyima: baridi kali huutia ulimi ganzi na kufungia harufu ndani. Nyuzi 8 hadi 10 zinatosha. Chupa iwe ya kahawia, maana mwanga huvunja kemikali za uchungu wa hopsi na kuzaa uvundo wa kicheche. Kioo cha kijani hukinga kidogo sana.

Sasa nusa kabla ya kunywa. Unatakiwa kupata mkate uliotoka tanurini, labda na asali kwa mbali. Mdomoni utamu wa kimea hutangulia, kisha uchungu wa hopsi, ambazo kwa Bavaria mara nyingi hutoka mashamba ya Hallertau, huja nyuma kuusafisha. Utamu ukibaki umeganda kwenye ulimi, sukari haikuchachuka vya kutosha. Koo likiungua, kilevi kimejitenga na bia, na hilo katika kinywaji cha asilimia 7 ni kasoro kubwa.

Usitoe hukumu kwa funda la kwanza. Nusu ya mwisho ya glasi, joto likiwa limepanda, ndiyo inayosema kweli. Bia nyeusi zina kimea kilichookwa na bia za hopsi nyingi zina manukato. Vyote viwili vinaweza kufunika kosa la mpishi. Laga ya dhahabu haina pa kujificha. Kwa hiyo siipunguzii masharti kwa sababu kiwanda ni kidogo au lebo imechorwa vizuri: Maibock inayochosha kabla glasi haijafika nusu haipati alama za juu kwangu.