Fizi na Baraka: Mtutu uliozeeka hauondoi hatari, unaipeleka kwa raia

Wakaaji wa Fizi na Baraka, katika Kivu ya Kusini, wamezoea kusikia milio ya risasi kuliko wanavyopenda. Kila mara wanajiuliza nani anapiga na anampiga nani. Lakini kuna swali lingine: je, yule anayepiga anajua risasi yake itafika wapi? Mara nyingi hajui. Sehemu kubwa ya sababu iko ndani ya mtutu, ule mrija wa chuma ambamo risasi inapita kabla ya kutoka.

Kazi ya mtutu

Ndani ya mtutu wa bunduki ya vita kuna mifereji midogo iliyochongwa kwa kuzunguka, kama kamba iliyosokotwa. Mifereji hiyo inaibana risasi na kuizungusha. Ni kama pia ya watoto: ikizunguka kwa nguvu inasimama wima, ikipoteza nguvu inayumba na kuanguka.

Tuchukue AK-47, bunduki inayojulikana sana kwetu. Mtutu wake una urefu wa sentimita 41 na nusu hivi, na mfereji unamaliza mzunguko mmoja kila sentimita 24. Risasi inatoka kwa kasi ya mita 700 na zaidi kwa sekunde. Maana yake inazunguka karibu mara 3000 kwa sekunde moja. Mzunguko huo ndio unaoifanya ishike njia yake.

Mtutu pia unapaswa kunyooka. Katika viwanda vya zamani vya Ulaya, fundi aliinua mtutu kuelekea mwanga wa dirisha na kuchungulia ndani. Kivuli kikijikunja, alijua chuma kimepinda, akakirudisha polepole. Ilikuwa kazi ya macho na ya uvumilivu. Kosa la digrii 1 tu kati ya mtutu na shabaha, kwenye mita 300, linaipeleka risasi pembeni kwa zaidi ya mita 5. Hapo kati inaweza kuwa njia ya soko au mlango wa jirani.

Silaha zilizopita ziwani

Fizi ina historia ndefu ya bunduki. Wakati wa uasi wa Simba, silaha za kutoka China na Umoja wa Kisovyeti zilipitia Dar es Salaam na Kigoma, zikavuka Ziwa Tanganyika kwa mashua. Tarehe 24 Aprili 1965, Ernesto Che Guevara mwenyewe alitua Kibamba, kwenye mwambao kusini ya Baraka, pamoja na Wakuba wa kwanza. Upande wa pili, jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare walikuwa na FN FAL, bunduki iliyobuniwa Ubelgiji.

Katika kumbukumbu zake, Che aliandika kwamba wapiganaji wengi walifunga macho na kushikilia kifyatulio mpaka risasi zikaisha. Bunduki zilikuwa nzuri, lakini mafunzo yalikosa. Mwezi wa Novemba mwaka huo Wakuba waliondoka. Vita havikuisha: Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP walibaki milimani Fizi kwa miaka mingi, kisha vikaja vita vya 1996 na 1998, na makundi yaliyofuata. Kila vita viliacha bunduki nyuma.

Leo shida imekuwa mara mbili: kuna wapigaji wasio na mafunzo, na kuna chuma kilichochoka. Moto wa risasi nyingi mfululizo unakula mifereji. Unyevu wa ziwa na mvua za milimani vinaleta kutu. Aina fulani za risasi za zamani zinaacha chumvi inayokula chuma kisiposafishwa. Bunduki inaanguka, inafukiwa ardhini, inatumiwa kama fimbo.

Nani anaumia

Wengine wanafikiri bunduki iliyochakaa ni nusu ya hatari. Si kweli. Risasi ya AK inaweza kwenda zaidi ya kilometa 2, na hata ikitoka katika mtutu mbovu bado inaweza kuua. Kinachopotea kwanza ni njia. Mifereji ikiisha, risasi inayumba na inaweza kumgonga mtu kwa ubavu, na kidonda kinakuwa kibaya zaidi. Anayelengwa anaweza kupona, na mama anayetoka shambani akaanguka.

Ni vilevile kwa wanaopiga hewani kwa furaha au kwa kutisha watu. Risasi iliyopanda lazima ishuke.

Sheria zipo. Tangu 1985, sheria ya Kongo inadai kibali kwa raia anayemiliki silaha. Mkataba uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 unataka inchi za Afrika ya Kati zitie alama silaha zao na kuharibu zile zisizohitajika. Kwa Fizi, hilo la kuharibu ndilo lenye uzito. Bunduki iliyokusanywa lakini ikabaki ghalani inaweza kurudi mitaani. Iliyoharibiwa kabisa haiwezi tena kumpiga mtu.

Wakati tunangojea, tujilinde. Mlio ukisikika, lala chini, mbali na mlango na dirisha. Paa la manjanja na ukuta wa udongo havizuii risasi. Tafuta ukuta mnene wa matofali au shimo la ardhi. Usitoke kuangalia. Mtu akipigwa, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachilia mpaka afike kwa muganga. Na usiseme kamwe, «wanapiga mbali, haituhusu».