Mfarishi wa Viraka Katika Chumba cha Futi Kumi kwa Kumi

Vitabu vingi vinavyofundisha kushona mifarishi ya viraka huanza na meza. Kata vipande vya mraba vinavyolingana, vipange vyote mezani au sakafuni, rudi nyuma hatua tatu utazame, kisha uunganishe safu baada ya safu. Ni maelekezo mazuri kwa mwenye sebule. Kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi huko Laini Saba, Kibera, au Gatina, Kawangware, jijini Nairobi, ambamo kitanda, jiko, mitungi ya maji na watoto wenye kazi ya shule wote wamejibanza, hizo hatua tatu utarudi wapi? Nadhani hiyo ndiyo sababu mabaki mengi ya vitambaa vya mafundi wa Kibera na Kawangware huishia kujazia mito au kupigia deki, ingawa cherehani ziko kila kona.

Iko njia nyingine, na ina damu ya upande wetu. Wasidi wa jimbo la Karnataka, India, ni uzao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi kama watumwa, na baadhi ya wahenga wao waliwatoroka mabwana wa Kireno huko Goa wakajificha misituni. Wanawake wa Kisidi hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo zilizochakaa. Mshonaji hukaa chini, huanzia kwenye pembe ya kitambaa cha chini, huongeza kiraka kimoja kimoja akiuzunguka ukingo, kisha husogea ndani mzunguko baada ya mzunguko mpaka katikati pajae. Viraka havilazimiki kulingana, na hakuna anayevipanga kwanza vyote. Kazi hukaa mapajani, na chakula kikiiva hukunjwa ikasukumwa chini ya kitanda. Kubwa zaidi ni kwamba mshono unaokishika kiraka ndio huohuo unaoshikanisha matabaka. Katika njia ya vitabuni hizo ni kazi mbili, na ile ya pili ndiyo huwashinda wengi.

Tuanze na vitambaa. Soko la mitumba la Toi, pale ukingoni mwa Kibera, lina daraja zake: kamera ni nguo ya kwanza kuchaguliwa robota linapofunguliwa, fagia ni zile za mwisho, za bei ya kutupa. Mshona viraka ni mteja wa fagia. Shati lililotoboka kiwiko bado lina mgongo mzima, na mgongo wa shati ni kitambaa kingi. Chanzo cha pili ni mafundi wa sare za shule. Mwaka wa masomo hufunguliwa Januari, kwa hiyo Desemba ndiyo huwajazia sakafu vipande vya kijani, damu ya mzee, buluu na miraba. Omba mapema, kabla mwenye kujaza mito hajapita.

Hapa lazima nitoe onyo, kwa sababu makosa ya vitambaa hayafutiki. Tenga pamba na poliesta. Sare nyingi ni za mchanganyiko na hazisinyai, ilhali pamba mpya husinyaa. Ukizichanganya bila kuzifua kwanza, mfarishi utajikunja mara ya kwanza utakapoanikwa. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi chache uziguse moto mbali na nguo nyingine. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Kwa mfarishi wa mtoto mimi hushikilia pamba tupu, kwa sababu poliesta inayoyeyuka hunata kwenye ngozi, na katika chumba kimoja jiko haliko mbali na kitanda. Kisha loweka kila kitambaa chekundu, hasa leso na vitenge vya bei ya chini, pamoja na kitambaa cheupe. Cheupe kikitoka na waridi, hicho chekundu bado kinachuja. Rudia, au kiache.

Sasa rangi, na hapo ndipo ninapowaomba wasomaji watoke nje. Nairobi haina majira ya kuchipua kama ya Ulaya, lakini Oktoba ina jambo linalokaribia hayo. Mijakaranda, iliyoletwa kutoka Amerika ya Kusini, huwa imepukutisha majani, na kabla majani mapya hayajakomaa hufunika matawi kwa maua ya zambarau, mvua za vuli zikiwa njiani au zikianza. Anayetembea kwa miguu kutoka Kawangware kupitia Lavington kwenda kazini huyaona kabla ya mwenye gari, na huyaona vizuri zaidi. Tazama mti mmoja asubuhi yenye mawingu. Dhidi ya anga la kijivu maua hufifia, karibu yapotee. Sogea hadi mahali ambapo tawi lilelile limepita mbele ya majani mazito ya mti wa avokado, nayo yatawaka. Ua halijabadilika. Kilichobadilika ni tofauti ya mwanga na giza kati yake na kilicho nyuma yake.

Mfarishi huharibika kwa kukosa tofauti hiyo, si kwa rangi “zisizopatana” kama wengi wanavyodhani. Kijani cha sare na damu ya mzee ni rangi mbili zilizo mbali sana, lakini zikiwa na giza sawa, ukizishona pamoja jioni chini ya taa utaona doa moja tu. Tia kati yao ukanda wa shati jeupe lenye mistari na kila moja itasimama. Kwa kuwa huna hatua tatu za kurudi nyuma, fumba macho nusu, au piga picha kwa simu uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kinachopotea kwenye picha hiyo kitapotea kitandani pia.

Tofauti hiyo imo hata ndani ya jinzi kuukuu. Wanaoidharau huwa naomba waangalie kazi za wanawake wa Gee's Bend, Alabama, wazao wa watumwa wa mashamba ya pamba, ambao mifarishi yao ya nguo za kazi ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002. Suruali moja ya jinzi ina buluu kadhaa: iliyopauka magotini, ya wastani nyuma ya paja, na ile nzito iliyobaki chini ya mfuko ulipobanduliwa. Huhitaji duka la vitambaa. Sindano tu iwe nene, na usiweke jinzi matabaka mawili pale utakapoipitisha.

Anza na mfarishi wa mtoto, sentimita 90 kwa 120. Chini weka shuka kuukuu zima, juu yake tabaka moja la shuka jingine au blanketi jembamba, kisha kunja ukingo wa shuka la chini kwa ndani. Tumia mshono wa bandi, uzi wa pamba, na kati ya mstari na mstari acha nafasi isiyozidi upana wa kidole. Kila kiraka kikunjwe ukingo na kilalie kidogo mwenzake. Joto hutokana na hewa tulivu iliyonaswa kati ya matabaka, kwa hiyo matabaka matatu membamba yanatosha kumfaa mtoto Julai, mabati yanapopoa usiku na Nairobi ikikaribia nyuzi 10. Unene zaidi ya hapo una gharama: mfarishi mzito ukifuliwa msimu wa mvua hunuka ukungu kabla haujakauka.

Katika pembe nne Wasidi hutia phula, yaani maua: vipande vidogo vilivyokunjwa kuwa pembetatu na kupandanishwa, rangi juu ya rangi. Kwao kawandi isiyo na phula iko uchi. Zambarau ni adimu kwenye vipande vya sare, hivyo ukiikuta kwenye fagia usiimalize katikati ya mfarishi. Iweke pembeni, na chini yake utie kipande cha kijani kizito.