Rangi Milioni 16 na Mkono Uliokwama

Paukwa? Pakawa! Leo sungura na fisi wapumzike. Nataka kuwasimulia juu ya mtu aliyeishi kweli, halafu tutarudi hapa kwetu Jericho, Nairobi, maana najua wapo miongoni mwenu wanaochora kwa simu na siku hizi hawamalizi picha.

Mtu huyo aliitwa Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alipitia mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akafika Dar es Salaam na kufanya vibarua, ikiwemo kutunza bustani. Mnamo 1968 akaanza kuchora. Rangi za wasanii zilikuwa ghali, turubai vilevile. Akachukua vipande vya mraba vya mbao nyembamba za kiwandani, akavipaka rangi iliyotengenezewa baiskeli. Nyuma rangi moja, mnyama mmoja mkubwa katikati, madoadoa, kwisha. Alichora kwa miaka minne hivi tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo ule. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza wakaanza kutazama katuni za Tinga Tinga Tales, hadithi 52 za kwa nini tembo ana mkonga na mambo kama hayo. Zilichorwa kwa kompyuta hapahapa Nairobi, katika studio ya Homeboyz.

Sasa tuseme wewe ni msichana wa Jericho, umeketi nje ya nyumba ya kanjo, simu mkononi. Ndani yake mna programu ya bure ya kuchora. Skrini ina uwezo wa kuonyesha rangi zaidi ya milioni 16. Brashi ni nyingi, leya juu ya leya, na kipo kitufe cha kufuta ulichofanya sasa hivi. Unachora jicho, halikai vizuri, unafuta. Unachora tena, unafuta tena. Unaingia Instagram "kutafuta wazo", unakutana na joka la mtu fulani wa Seoul, kila gamba linameremeta. Unazima simu. Kesho yake hata kuifungua programu hutaki, na unajiambia kipaji kimeisha.

Hakijaisha. Umechoka kuchagua, basi. Kila rangi inataka uamuzi, kila brashi vivyo hivyo, na joka la watu limekuwekea kipimo kabla hujapiga mstari wa kwanza. Tingatinga hakuwa na mashaka hayo: makopo yalikuwa machache, na rangi ikishakauka imekauka.

Siusifu umaskini wake. Watu hupenda kuusifu umaskini wa wasanii wakiwa wenyewe wameshiba. Lakini uchache unaweza kujiwekea kwa kusudi. Chagua rangi tatu, brashi moja, leya moja. Kitufe cha kufuta usikiguse. Nenda kasimame kando ya Jogoo Road, chagua nganya moja, yaani matatu iliyopambwa, iliyo stejini, uichore mpaka ijae abiria na kuondoka. Ikiondoka, picha imekwisha, hata kama haina magurudumu. Au nenda Soko la Jericho ukachore mikono ya fundi cherehani akiwa kazini. Usimpige picha kwanza. Ukipiga picha, utaacha kutazama.

Na kama unangoja siku utakayojisikia, mfikirie Edward Gitau, mchoraji wa katuni ya Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo. Alimchora Juha kwa miongo mingi, na gazeti halijui kungoja mzuka. Nina hakika zipo siku Juha alichekesha kidogo. Gazeti likatoka hivyohivyo.

Jambo moja jingine, nalo si la kuchekea. Ukiona huzuni inakuzuia kula au kulala, hilo halimalizwi kwa rangi. Mwambie mzazi, mwalimu au mtu mzima unayemwamini, na umwambie mapema.

Ninyi wengine, mechi ikichezwa katika uwanja wa Camp Toyoyo, nendeni na rangi zenu tatu mkamchore kipa. Akitoka na miguu mifupi, msimfute. Mwonyesheni mtu, kisha mchoreni tena kipindi cha pili.