Uwiano wa Pamoja: Hesabu Inayolinda Haki ya Kibarua

Ufikapo msimu wa palizi ya pamba, familia nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huita vibarua. Hapo ndipo huzuka swali: lipi listahili malipo zaidi, kundi lenye watu wengi au lililokaa shambani siku nyingi? Jibu limo katika madaftari ya watoto wetu wa sekondari, penye mada ya uwiano wa pamoja, yaani kiasi kimoja kutegemea viasi viwili au zaidi vinavyozidishwa pamoja.

Tuchukue mfano. Vibarua 6 wamepalilia ekari 3 kwa siku 2. Eneo (E) hutegemea watu (W) na siku (S), hivyo:

E = k × W × S

Herufi k ni namba isiyobadilika, nayo ndiyo hutafutwa kwanza: 3 = k × 6 × 2, basi k = 1/4. Maana yake, kibarua mmoja hupalilia robo ekari kwa siku. Sasa, mwenye ekari 10 atakaye kazi iishe kwa siku 5 aite watu wangapi? 10 = 1/4 × W × 5, basi W = 8.

Wanafunzi wengi hujikwaa hapa: watu wakiongezwa mara 2, na siku mara 2, hudhani kazi itaongezeka mara 2. La, huongezeka mara 4, kwa kuwa viasi hivyo huzidishana.

Turejee kwenye malipo. Watu 3 waliofanya kazi siku 4 wametimiza 3 × 4 = 12, sawasawa na watu 6 wa siku 2. Anayehesabu vichwa pekee, au siku pekee, humdhulumu mmoja wao. Ila ardhi na magugu viwe vya namna moja. Udongo mzito wa mbuga una k yake.

Si ajabu hesabu kugusa haki. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, ndiye ambaye neno "al-jabr" katika jina la kitabu chake lilizaa aljebra. Humo alishughulikia pia biashara, upimaji wa ardhi na mirathi.

Basi, wazazi wetu, kabla ya kupatana na vibarua, mpeni kijana daftari akokotoe palizi ya shamba lenu. Atajifunza somo lake, na kibarua atapata haki yake.